Nia njema hailipi korosho

Kuna sentensi moja ambayo Watanzania tumeizoea mpaka hatuisikii tena: "Mheshimiwa ana nia njema." Ipo kwenye kampeni, ipo bungeni, ipo kwenye risala za wananchi kwa mgeni rasmi, na sisi wa magazetini tunaichapa karibu kila siku, tukiibadilisha nguo tu. Leo tunaandika "ameonyesha dhamira ya dhati", kesho tunaandika "utashi wa kisiasa upo". Hiyo ya utashi tuliokota kwenye semina za hotelini, zile za chai na sambusa saa nne asubuhi. Ukiiweka kwenye aya ya mwisho ya habari, mhariri hakusumbui.

Sentensi hiyo ina pacha wake, naye mnamfahamu: "Yule yupo pale kwa ajili ya tumbo lake." Hawa wawili wanatembea pamoja. Ukimkuta mmoja kijiweni, subiri kidogo, mwenzake anakuja.

Nipo Kilangala, huku pwani ya Lindi, kwa siku chache za likizo, na kwa kawaida ya vijiwe vya kahawa vya huku mazungumzo hayakuchukua muda kufika kwa wanasiasa. Jioni nzima ikaisha tukijadili mioyo ya watu. Fulani ana roho nzuri. Fulani ana uchu. Fulani aliutaka ubunge apate kulipa madeni. Sikusikia mtu akitaja kitu ambacho fulani alifanya, mwaka gani, na nani alilipia. Ndipo nikajiuliza swali ambalo ndilo limenikalisha kwenye kompyuta usiku huu: hivi nia ya kiongozi inatuhusu nini sisi?

Jibu langu nalitoa mapema, ili asiyekubaliana nami aanze kukunja mikono ya shati. Inatuhusu kidogo sana kuliko tunavyodhani. Na kila tunapoipa uzito, anayefaidika ni kiongozi mwenyewe, maana tumemhamisha kutoka mahali ambapo tunaweza kumkagua, tukampeleka mahali ambapo hatuwezi.

Najua nitajibiwa nini. Huku ni pwani, na wengi wamepita madrasa kabla ya kufika chuo kikuu. Hadithi ya kwanza katika Arubaini ya Imamu Nawawi, ambayo mtoto anaihifadhi hata kabla ya kuelewa maana yake, ni ya nia: kwamba tendo linakwenda na nia ya mtendaji, na mtu aliyehama kwa ajili ya Mungu si sawa na aliyehama kutafuta dunia au kumfuata mwanamke anayetaka kumuoa. Sina ubishi nayo. Lakini hebu tuulizane, katika hadithi ile ni nani anayelipa ujira? Ni Mungu, yule anayeona ndani ya kifua. Mimi na wewe hatuna kazi katika ofisi ile. Na Imamu Bukhari, ambaye naye alikifungua kitabu chake kwa hadithi hiyo hiyo, amepokea habari nyingine ambayo kijiweni haitajwi sana. Sayyidna Umar bin Khattab, khalifa wa pili, aliwaeleza watu kwamba wahyi umekoma, na kwa hiyo yeye atawachukulia kwa matendo yao yanayoonekana. Ya sirini atayahesabu Mwenyezi Mungu. Huyo alikuwa mtu mwenye dola mkononi, na kwa uchamungu hakuna anayemtilia shaka, lakini aliikataa kazi ya kupima mioyo. Sisi tunaifanya bure kila jioni, tena kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Nchi hii iliwahi kujaribu kuiingiza nia ndani ya sheria ya uchaguzi, na kisa hicho kinafaa kusimuliwa, kwa sababu vijana wengi wa rika langu wakati ule ama tulikuwa hatujazaliwa au tulikuwa tunatambaa. Mwaka 2000 Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985. Katika kifungu cha 119 kikaingizwa kipengele ambacho kwa maneno mepesi kilisema hivi: jambo lolote lililofanywa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kimila, halitahesabiwa kuwa ni rushwa ya uchaguzi. Ndiyo takrima hiyo. Neno zuri la Kiislamu na la Kiswahili, lenye maana ya kumkirimu mgeni, likapewa kazi ya ulinzi wa getini.

Fikiria kazi ya mpelelezi chini ya sheria kama hiyo. Mgombea kaingia kijijini na lori. Ameshusha magunia ya mchele, mafuta ya kupikia, khanga za kina mama, jezi na mpira kwa vijana. Unamuuliza, akajibu kwamba huo ni ukarimu tu, hawezi kwenda kwa wazee wake mikono mitupu. Utathibitishaje kwamba nia yake haikuwa njema? Huwezi kuupeleka moyo kwa mkemia mkuu. Na jambo lenyewe lilikuwa na kichekesho chake: katika mila za huku anayekirimu ni mwenyeji. Ni mwenyeji anayemchinjia mgeni kuku. Mgombea anakuja yeye kama mgeni, anamchinjia mwenyeji, halafu anaita mila.

Uchaguzi wa 2000 na wa 2005 ulipita chini ya kipengele hicho. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mengine mawili ya wanasheria wakaenda Mahakama Kuu, na mwezi Aprili 2006 majaji wakaifuta takrima kwa kuwa inakwenda kinyume cha Katiba. Hoja yao ndiyo ninayoipenda. Hawakusimama kwenye swali la nani ana nia gani. Waliangalia kitu kinachoonekana: sheria ile ilimpendelea mgombea mwenye fedha dhidi ya asiye nazo, kwa sababu mwenye uwezo wa kukirimu ni tajiri. Basi. Moyo wa mgombea ukaachwa kifuani mwake, likatazamwa lori. Baadaye, mwaka 2010, ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo inataka mgombea aeleze fedha alizotumia na zilikotoka. Kama inafuatwa au haifuatwi hilo ni jambo jingine, na kila aliyewahi kuzunguka na msafara wa kampeni ana ya kusimulia. Lakini angalau inauliza swali linaloweza kujibiwa kwa karatasi.

Sasa mtu atasema, sawa, hao wa mchele na khanga walikuwa waongo tangu mwanzo, nia yao ilikuwa mbaya, kwa hiyo mfano wako haufai. Tuleteeni kiongozi mwenye nia njema ya kweli muone nchi itakavyokwenda.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu Lindi na Mtwara tulishaletewa.

Sijakutana na mtu mzima, hata katika wanaompinga, anayesema kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa na tamaa ya mali. Aliondoka Ikulu mwaka 1985 bila utajiri. Mwaka 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, aliuacha uwaziri mkuu kwa hiari yake akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Kama kuna Mtanzania ambaye kijiwe kizima kitakubaliana juu ya nia yake, ni huyo. Na nia yake juu ya vijiji ilikuwa wazi: watu wakikaa pamoja watapata shule, zahanati na maji ya bomba, mambo ambayo serikali maskini haiwezi kuyapeleka kwenye kila mji uliojificha porini. Nani anaweza kuipinga nia hiyo? Mimi siwezi.

Novemba 1973 ikatoka amri kwamba kufikia mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Ukiwauliza wazee wa mikoa hii ya kusini, kilichofuata hawakiiti maendeleo, wanakiita "kuhamishwa". Watu waliondolewa kwenye makazi yao wakapelekwa kandokando ya barabara, na mikorosho ikabaki kule kule. Mkorosho si kuku, huwezi kuufunga miguu ukaondoka nao. Mtu aliyekuwa akitoka mlangoni na kuanza kupalilia chini ya miti yake sasa alitakiwa kutembea masaa. Shamba la korosho lisipopaliliwa nyasi zinashika, moto wa kiangazi unapita, na korosho iliyoanguka huioni. Ongeza bei ndogo aliyokuwa akilipwa mkulima, ongeza ugonjwa wa ubwiriunga ulioingia miaka hiyo, utapata hesabu ifuatayo: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000 za korosho, msimu wa 1986/87 ilivuna chini ya tani 20,000. Tanzania ilikuwa miongoni mwa wakubwa wa korosho duniani, ikashuka mpaka ikawa haitajwi. Iliwachukua wakulima takribani robo karne kurudi pale walipokuwa.

Msinielewe vibaya, sisemi vijiji peke yake ndivyo vilivyoua korosho, nimetaja sababu nyingine hapo juu. Ninachosema ni kwamba nia safi haikuzuia hata tani moja isipotee. Kwa kweli nina wasiwasi kwamba iliongeza hasara. Kiongozi anayejulikana kuwa mwizi, watu humwekea macho. Anayejulikana kuwa mtakatifu, nani atasimama kumwambia kwamba miti haihami? Katibu tarafa? Mkuu wa wilaya, ambaye anashindana na mwenzake wa wilaya ya pili kumaliza operesheni mapema? Kumpinga kulionekana ni kuwa na nia mbaya, na hapo mjadala ukafungwa kabla haujafunguliwa.

Tuje karibu zaidi, kwenye jambo ambalo wengi wetu tulilishuhudia kwa macho yetu.

Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa neema. Nchi ilivuna kiasi cha tani 313,000, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla, na katika baadhi ya minada kilo moja ilipita shilingi 4,000. Huku kusini vijana walinunua pikipiki na wazee wakaezeka bati. Kisha Juni 2018 serikali ilibadilisha sheria ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje. Kabla ya hapo asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa ikirudi kuendeleza zao lenyewe, pamoja na dawa ya salfa ambayo bila hiyo ubwiriunga unakula maua. Baada ya hapo fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini, pamoja na wa chama tawala, walisimama bungeni Dodoma wakapinga kwa sauti kubwa. Hawakusikilizwa, na si hivyo tu: walionekana wana ajenda zao binafsi. Unaona tena? Hoja ilikuwa ni salfa, jibu likawa ni nia.

Oktoba 2018 minada ikafunguliwa na bei zikaja chini ya 3,000. Wakulima wakagoma kuuza. Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, akaingia kati. Tarehe 10 Novemba 2018 alitengua uteuzi wa mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara, na kuivunja Bodi ya Korosho. Siku mbili baadaye akatangaza kwamba serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya Jeshi la Wananchi yakatumwa kuzibeba. Nakumbuka furaha ya siku ile. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Kiongozi wa nchi amesimama upande wa mkulima dhidi ya wanunuzi wanaomlalia. Kijiwe kizima kilisema, huyu ana nia njema na mnyonge.

Inawezekana kabisa alikuwa nayo. Wapo pia waliosema ilikuwa ni siasa tu, anatafuta kura za kusini za 2020. Wabishi wa pande hizo mbili bado wapo, na wanaweza kubishana mpaka Kiyama, kwa sababu hakuna ushahidi utakaopatikana. Wakati wao wanabishana, haya ndiyo yaliyotokea na yanaweza kuthibitishwa.

Malipo yalichelewa. Likaanzishwa zoezi la uhakiki, ambapo mwenye kilo nyingi ilibidi athibitishe kwamba ana shamba la kuzitoa, ili wakamatwe watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa mkulima mwenye shida kwa bei ya kutupa kabla ya msimu. Nia ya uhakiki? Njema tena. Lakini mkulima halali alisubiri wiki, akasubiri miezi, huku Januari ikiingia na sare na daftari za watoto zikidaiwa. Na anayesubiri miezi bila hela anafanya nini? Anakwenda kwa mtu wa kangomba. Korosho zenyewe zilikaa ghalani. Tarehe 30 Januari 2019 ikatiwa saini mikataba na kampuni moja ya Kenya iitwayo Indo Power Solutions, inunue tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418. Tuliandika habari hiyo kurasa za mbele, nchi nzima. Kampuni haikununua. Mavuno ya msimu ule yalikuwa kiasi cha tani 225,000, na msimu uliofuata, wa 2019/20, serikali ikawarudisha wanunuzi binafsi mnadani kama zamani.

Kwa hiyo tunao viongozi wawili na zao moja. Wa kwanza nia yake hakuna anayeishuku. Wa pili nia yake inabishaniwa. Kama nia ndiyo ingekuwa inaamua, wa kwanza angetuacha na hasara ndogo kuliko wa pili. Ilikuwa kinyume. Anguko la Mwalimu lilidumu miaka zaidi ya ishirini, la Magufuli lilidumu misimu michache. Kinachowaunganisha si kilichokuwa mioyoni mwao, ni kwamba hakukuwa na mtu mwenye nafasi ya kusema hapana na akabaki na kazi yake kesho yake asubuhi.

Na kama nia safi inaweza kuleta hasara, je, nia chafu inaweza kuleta faida? Swali hili wengi hawalipendi, lakini Kilwa wanalo jibu, au angalau wanayo makumbusho. Kilwa Kivinje kuna mahali panaitwa Mwembe Kinyonga. Hapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya na wenzake mwaka 1895, baada ya yeye kuwasumbua kwa muda mrefu na kuishambulia Kilwa mwaka 1894. Leo ni shujaa, na kwa haki. Lakini Makunganya alikuwa mkubwa wa misafara, na biashara ya misafara ya Kilwa katika karne ile tunajua ilibeba nini: pembe za ndovu na watu. Wajerumani waliiharibu biashara hiyo, wakaweka na ushuru. Je, alipigania uhuru wa watu wa huku au alipigania njia zake za biashara? Nadhani vyote viwili, kama ilivyo kwa binadamu wengi. Aliyesimama karibu naye mwaka ule hakuwa na haja ya kulijibu swali hilo ili ajue kwamba Mjerumani lazima azuiwe. Na aliyefungwa kamba shingoni kwenye msafara hakuwa na haja ya kulijibu ili ajue kwamba bwana huyu hafai kupewa mamlaka juu yake. Ni mtu mmoja, kwa matendo mawili, na kila tendo lina hukumu yake.

Kuna rafiki yangu mmoja, tulisoma wote chuo, ambaye nikimwambia haya ananijibu kwamba nachukulia mambo kijuujuu. Anasema sheria nzuri mikononi mwa mtu mwenye nia mbaya ni karatasi tu, ataizunguka. Hoja yake ina nguvu, siwezi kuipuuza. Wazee waliopitia Azimio la Arusha la 1967 wanakumbuka miiko ya uongozi. Iliandikwa kwa namna ya ajabu ukilinganisha na lugha yetu ya leo: haikumtaka kiongozi awe na moyo safi, ilimkataza vitu vinavyohesabika. Asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na neno "kiongozi" likamjumuisha mumewe au mkewe, maana waandishi wake waliijua dunia. Hata hivyo watu walitafuta vichochoro, na Februari 1991 kule Zanzibar chama kikailegeza miiko hiyo, tukaambiwa ni kwenda na wakati. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo inamtaka kiongozi atangaze mali zake. Hainyimi mtu hisa wala nyumba, inataka tu aseme. Na mwaka 2008 tukasikia waziri mmoja akiziita "vijisenti" fedha za kigeni zilizozidi dola milioni moja zilizokuwa katika akaunti yake kwenye kisiwa cha Jersey.

Kwa hiyo ndiyo, rafiki yangu yuko sahihi kwamba kanuni huzungukwa. Lakini angalia imezungukwaje. Mwaka 1991 hawakuvunja miiko kimya kimya. Ilibidi wakutane, wajadili, waiondoe, na historia ikaandika tarehe. Mwenye kuvunja kanuni inayohesabika anaacha nyayo. Mwenye kuvunja ahadi ya moyo haachi kitu.

Kama bado mtu anataka kuijua nia ya kiongozi, na nakiri hamu hiyo haiishi, basi angalau aitafute mahali ambapo inaweza kuonekana, yaani pale ambapo uamuzi unamgharimu mwenyewe. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Watu walikuwa wamefia mikononi mwa vyombo vya usalama huko Shinyanga na Mwanza, katika msako uliohusiana na mauaji ya vikongwe na uchawi. Mwinyi hakumgusa mtu, na hakuwepo. Alijiuzulu, kwa sababu waliofanya hayo walikuwa chini ya wizara yake. Akapelekwa ubalozi Misri, akakaa huko miaka, na wakati huo hakuna aliyejua kwamba mwaka 1985 angekuwa Rais. Tarehe 7 Februari 2008 Edward Lowassa naye alijiuzulu uwaziri mkuu bungeni, baada ya ripoti ya kamati teule juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Yeye alilalamika kwamba kamati haikumhoji, na kwamba tatizo ni uwaziri mkuu wenyewe.

Tendo ni lile lile. Nani kati yao alikuwa na nia safi? Sijui, na nimeamua kwamba si kazi yangu kujua. Ninachoweza kulinganisha ni kila mmoja alisema anawajibika kwa kitu gani: mmoja alibeba jambo lililofanywa na wengine, mwingine alisema ameonewa. Hayo yapo kwenye kumbukumbu, yeyote anaweza kuyafungua.

Nirudi huku kwetu kabla umeme haujakatika. Siasa za Dodoma ni mbali, lakini mfano mdogo tunao mlangoni. Tangu mwaka 2007 korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka kwenye chama cha msingi, inapimwa, inakwenda ghala kuu, inapigwa mnada, halafu fedha zinakuja zikiwa zimepita kwenye makato: ya chama, ya chama kikuu, ya ghala, ya halmashauri, ya usafiri, ya magunia. Bei inayotangazwa redioni na bei inayofika mkononi ni vitu viwili. Kiongozi wa chama cha msingi ni kiongozi kama waziri, tofauti ni ukubwa wa mizani tu. Na kwenye mikutano ya vyama hivi nimesikia lugha ile ile ya juu ikishuka mpaka chini: uongozi huu una nia njema na wanachama, wanaouliza maswali wametumwa, wana ajenda zao.

Wewe msomaji uliyeko Dar au Dodoma, ambaye baba yako au mjomba wako ana mikorosho huku na kila Novemba anakupigia simu, usimuulize kama mwenyekiti wao ni mtu mzuri. Muulize kama makato yamesomwa mkutanoni, kilo kwa kilo, na kama karatasi imebandikwa ukutani pale ofisini. Muulize mizani ilihakikiwa lini. Muulize pia kijiji kimesoma lini mapato na matumizi, maana mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Na kama atajibu kwamba hajui kwa sababu hakuhudhuria, mtumie nauli ya bodaboda ahudhurie ujao.